Chupa Iliyorudi na Asali

Navalayo alikuwa na mjukuu wa miezi tisa ambaye hajamshika hata siku moja. Wala si mjukuu wa ng'ambo. Alikuwa Lugari, safari ya asubuhi moja tu kutoka kwake Shinyalu, nauli ipo na miguu mizima. Kilichomzuia ni chupa.

Kwao, tangu enzi za bibi yake, mtoto akizaliwa ni nyanya mzaa baba anayempikia mafuta ya mbarika ya kumpaka mwili. Lakini nyanya hajipeleki tu kama mdai. Anatuma chupa ya mafuta, anatulia kwake. Yakiisha, mama mtoto anarudisha chupa tupu, na chupa tupu ndiyo mwaliko: njoo na mengine, umpake mwenyewe. Ikirudi na kitu ndani, ujue umeambiwa kwa adabu kwamba wametosheka, kaa huko huko. Navalayo alifunzwa hivyo, na ukimjua Navalayo utajua kwamba jambo akishafunzwa huling'oi kwake hata kwa jembe.

Mtoto alikuwa wa Griffin, mwanawe wa pekee. Griffin aligongwa na lori la miwa kwenye barabara ya Mumias, mimba ya mkewe ikiwa na miezi mitano. Mkewe, Jerotich, akarudi kwa wazazi wake Lugari, akajifungua msichana, akampa jina la Khalayi, jina la marehemu mama yake Navalayo. Siku aliyoambiwa jina hilo kwenye simu, Navalayo aliketi chini katikati ya michai yake akalia mpaka akaishiwa na machozi.

Kesho yake akaingia kazini. Alivuna mbarika nyuma ya choo, akaanika mpaka maganda yakapasuka, akakaanga mbegu kwenye chungu, akazitwanga katika kinu ambacho hakitwangi kitu kingine, maana mbegu ile mbichi inaua kuku. Akachemsha rojo lile tangu asubuhi hadi jua likaegemea msitu, akiengua mafuta kwa kijiko, tone kwa tone. Mabinti wa mjini Shieywe siku hizi wanayanunua mafuta hayo dukani katika kichupa kama kidole, midomo ing'ae. Navalayo alijaza chupa nzima ya soda, akampa Ochieng, aliyekuwa akinunua mahindi Lugari na kuyauza Shinyalu.

Mwezi uliofuata Ochieng akairudisha chupa. Ilikuwa imejaa asali.

Navalayo aliitazama asali ile kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Hakuionja. Aliiweka kabatini, akajiambia labda msichana amesahau, akapika tena, akatuma tena. Ikarudi asali. Mara ya tatu asali, ya nne asali, na ya tano hivyo hivyo.

Utauliza, simu je? Simu walikuwa nazo. Kila Jumapili baada ya kanisa walisalimiana, na kila Jumapili Jerotich alisema, "Karibu huku, mama." Lakini karibu ni neno gani? Hata mtu wa kukata stima huambiwa karibu. Navalayo alijibu "Asante, mwanangu," akakata simu, kisha akaenda kusimama penye mibarika bila kujua amefuata nini pale. Alimtamani mtoto yule mpaka mikono ikamuuma, ikamuuma kweli, hapa kwenye viwiko. Akiona mama kanisani na mtoto mgongoni, alihama benchi.

Chupa ya sita ilipofika, Ochieng aliingia hadi sebuleni kunywa chai, akaziona chupa tano zimepangwa kabatini, hazijafunguliwa.

"Mama, unafungua duka ya asali?"

"Hiyo ni ya wenye mtoto. Wamenikataza kwenda, basi nimenyamaza."

"Nani amekukataza?"

Akamweleza habari ya chupa tupu. Ochieng alianza kucheka, kisha akaona uso wake, akaweka kikombe chini.

"Mama, ile chupa ya kwanza Jerotich alinipatia tupu. Nilikuwa nimeishika hivi mkononi. Mamake akatoka jikoni akamgombeza, akasema hawarudishanga chombo ya mtu tupu, ni kumtukana. Akaichukua, akaijaza. Na kila nikienda, msichana ananiulizanga, mama ameonja asali? Amesema nini? Mimi namwambianga amefurahi sana."

Navalayo alikuwa akihesabu miezi. Kisha akavua leso, akavaa viatu vya kanisani, akachukua mafuta yaliyokuwa yamebaki, akapanda gari la Ochieng, na chai ikapoa mezani.

Walifika Lugari mchana. Jerotich alikuwa uani akipukuchua mahindi, mtoto ameketi kwenye gunia kando yake. Alimwona mama mkwe wake akishuka, akasimama, punje zikamwagika miguuni.

"Mama. Nilifikiri umenikasirikia. Kwamba ni mimi niliyemletea Griffin bahati mbaya."

"Nani alisema? Mimi ni mjinga tu, mwanangu. Mjinga mzee. Niletee mtoto."

Jerotich akamwinua Khalayi, akamweka mikononi mwa nyanya yake.

Mtoto alimtazama mgeni yule, akamtazama tena, kisha akaangua kilio ambacho kilimtoa mamake Jerotich jikoni mbio. Alijipindapinda, akamsukuma Navalayo kifuani kwa mikono miwili, akamlilia mama yake kana kwamba anachinjwa. Miezi miwili iliyopita angekubali kushikwa na yeyote. Sasa alikuwa ameshajua watu wake, na huyu hakuwamo.

"Atazoea," Jerotich alisema, huku akilia yeye pia.

"Mchukue," Navalayo akasema. "Mchukue, usimlazimishe."

Aliketi kwenye gunia lile, mikono mitupu juu ya magoti, mpaka mtoto akachoka, akanyonya, akalala mgongoni mwa mamake. Jerotich akageuka taratibu, akachuchumaa ili uso wa mtoto ulingane na wa nyanya yake. Midomo ilikuwa ya Griffin, ile ile, wa juu umechongoka katikati, umekauka kidogo kwa upepo.

Navalayo akachovya kidole kwenye mafuta. Akampaka mjukuu wake midomo polepole, roho mkononi, akiomba asiamke.