Vyumba Vitatu vya Boti ya Bukoto

Afande Oloya alinichukua kwa sababu natengeneza majumba ya mpira ya watoto, yale yanayojazwa hewa kwenye sherehe ili wayarukie. Kazi hiyo naifanya Kansanga, hapa Kampala, nyuma ya duka la mtu anayeyakodisha. Jumba likitoboka linaletwa kwangu limekunjwa kama godoro, lina matope na makombo ya keki ndani. Naliosha, natafuta tundu, napiga kiraka. Mwaka wa nne sasa. Afande alikuwa amestaafu polisi, ila mtaani kwetu hakuna aliyeacha kumwita Afande, na yeye hajamwambia mtu aache.

"Binti," aliniambia Jumanne asubuhi, "wewe unajua mpira na hewa. Twende Bukoto, uniangalilie boti."

Huko polisi alikuwa mzamiaji. Mtu akizama, au gari likiingia ziwani, yeye ndiye aliyeshuka chini na mtungi wa hewa mgongoni. Alipostaafu alijinunulia mtungi wake na nguo ya kuzamia, lakini boti hakuwa nayo. Mashua za mbao hazitaki. Anasema mtu aliyetoka chini amechoka, na mtungi mgongoni, hawezi kupanda ubavu wa mashua, atawapindua wote. Boti ya mpira iko chini, unajilaza juu yake tu. Na sasa kazi ilikuwa imepatikana. Kwenye mwalo wa Ggaba, pale mashua za uvuvi zinapotia nanga, tajiri mmoja wa samaki alikuwa amezamisha injini mbili za mashua, anazitaka Jumamosi. Afande akizitoa hizo, jina lake litazunguka mialo yote.

Mke wake, Adyero, tulikwenda naye. Hakwenda kutembea tu. Afande akiwa chini anafungwa kamba kiunoni, na juu kwenye boti lazima awepo mtu wa kuishika na kuisikiliza kwa mkono. Mvuto mmoja, niko sawa. Miwili, nipe kamba. Mingi, nitoe. Polisi walikuwa wanapokezana kamba, na siku moja mwenye kamba alikuwa anaongea na simu. Afande alitoka mzima, lakini tangu siku hiyo kamba hampi mtu mwingine, ni Adyero tu. Alimfundisha nyumbani, yeye chumbani, Adyero jikoni, kamba inapita chini ya mlango.

"Siku ya kwanza nilimvuta mpaka akaanguka kitandani," Adyero aliniambia tulipokuwa tunapanda kilima cha Bukoto kwa miguu. "Nikasema, leo nimevua kambale wa polisi."

"Nilikuwa nimevaa soksi," Afande akasema, mbele yetu, bila kugeuka.

Adyero hajui kuogelea. Kwao ni mbali na ziwa, na hapa Kampala hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo boti ile haikuwa ya Afande peke yake. Yeye akianguka majini atajua la kufanya. Atakayekaa juu masaa mawili, matatu, maji pande zote, ni huyu mama.

Muuzaji alikuwa Tresor, Mkongo kama mimi. Yeye mtu wa Uvira, mimi wa Bukavu. Anauza kila kitu kinachoachwa na watu wanaohama: jenereta, friji, viti vya saluni. Boti aliinunua kwa watafiti wa samaki waliorudi kwao. Tulimkuta ameshaijaza, ameiweka juani katikati ya ua wa fleti, ya kijivu, ngumu kama ngoma.

"Afande, karibu! Hii si boti, hii ni ndoa. Ukiingia hutoki."

"Ndoa moja inanitosha," Adyero akasema.

Tresor akaipiga boti kofi. "Mnasikia? Vyumba vitatu. Kushoto, kulia, na mbele. Kila chumba kina valvu yake. Kimoja kikipasuka, viwili vinakubeba mpaka nyumbani, unaimba."

Niliomba tuitoe juani. Hewa ikipata moto inavimba, na kitu kilichojazwa kikaachwa juani kinakuwa kigumu cha uongo. Tuliibeba mpaka kivulini chini ya ngazi. Kisha nikaomba aitoe hewa yote, aijaze tena mimi nikiona.

"Eh, dada! Unanipekua kama polisi."

"Polisi ni mimi," Afande akasema. "Huyo ni fundi. Jaza."

Tresor akakanyaga pampu ya mguu, huku jasho linamtoka. Alipomaliza akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti, akaongea kile Kiswahili chetu cha Kongo.

"Dada Huguette, sisi tunatoka upande moja. Kama kuna kitu, uniambie mimi mbele, kabla ya wao."

"Nikiona nitasema."

"Utasema kwa nani?"

"Kwa sauti."

Akacheka, lakini hakucheka sana.

Nilianza na sabuni. Unaikoroga kwenye beseni mpaka povu liwe zito, unapakaa kila mshono kwa sponji, halafu unangoja. Penye tundu povu linavimba kama jicho la chura. Wengi wanapakaa wakipita. Mimi napakaa urefu wa mkono mmoja, nangoja, napakaa mwingine. Adyero alikaa kwenye ngazi akavua kitambaa cha kichwa. Afande alizunguka ua. Kwenye valvu ya mbele nilipata vipovu vidogo; nikaikaza, vikaacha. Sehemu nyingine, hakuna. Mchana tukala chapati na maharage, Tresor akijitolea kulipa, Afande akimkatalia. Nikairudia boti nikaibonyeza kwa kidole gumba pande zote. Ilikuwa ngumu vile vile.

"Afande, iko sawa," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Jumba la watoto ni chumba kimoja. Minara, ngazi, kuta, vyote vinakula hewa moja, inaingia mahali pamoja na kuzunguka kote. Ndani hakuna kinachoizuia. Kwa hiyo miaka yote hiyo sikuwahi kutafuta tundu mahali pengine isipokuwa ngozi ya nje, na hata siku hiyo sikutafuta mahali pengine.

Afande alikuwa ameshatoa simu ampigie tajiri wa Ggaba. Mke wake alikuwa anaizunguka boti polepole. Akaugusa upande wa kulia kwa ncha ya kiatu.

"Ikipasuka hapa, mimi nakaa wapi?"

"Unahamia kushoto, mama," Tresor akasema.

"Nionyeshe."

"Nionyeshe namna gani? Niipasue boti yangu mwenyewe?"

"Nani amesema upasue? Si umesema kila chumba kina valvu yake? Fungua ya huku tu."

Tresor akaniangalia. Nikamwambia afungue.

Hewa ilitoka kwa mluzi. Upande wa kulia ukaingia mikunjo, ukalala. Wa kushoto ukabaki umesimama, na pua ya mbele imeinuka. Tresor akafungua mikono kama mchungaji. "Mama, umeona kwa macho yako?"

Adyero akaitikia kwa kichwa. Afande akaanza kutafuta namba. Mimi nilibaki pale pale, kwa mazoea tu. Kitu cha hewa nikishaanza kukiangalia siondoki haraka. Baada ya dakika chache pua ilianza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikabonyeza upande wa kushoto. Kidole kikaingia.

Valvu ya kushoto ilikuwa imefungwa. Ya mbele pia, niliikaza kwa mkono wangu. Nikaweka kiganja kwenye ile moja iliyo wazi, ya kulia. Hewa ilikuwa bado inatoka, baridi, taratibu, na boti nzima inaisha.

"Afande, usipige simu," nikasema. "Nimekosea. Kuta za ndani zimepasuka. Sabuni haifiki huko. Hivi si vyumba vitatu, ni kimoja."

Tresor alipiga magoti akabonyeza mwenyewe, hapa na hapa. Nadhani hakujua. Aliniambia aliiweka stoo imekunjwa mwaka mzima, na magunia ya maharage juu yake. Lakini hasira ilimjia baadaye kidogo.

"Umesema iko sawa! Kwa mdomo wako! Wote tumesikia!"

"Nilisema. Sasa nasema haiko sawa."

"Watu wa Bukavu! Ukiwapa maji ya kunywa, wanakuuzia glasi yako."

"Inatengenezeka?" Afande akaniuliza.

"Kuufikia ukuta wa ndani lazima nikate ngozi ya nje. Nikishaikata, tutakuwa tunaogopa ngozi ya nje badala ya kuta."

Afande akavua koti, akaliweka kwenye ngazi, akafunga valvu, akaanza kukanyaga pampu yeye mwenyewe. Kulia, kushoto, mbele. Alikanyaga mpaka shati likamganda mgongoni na boti ikarudi ngumu kama asubuhi.

"Nje ni nzima," akasema. "Fundi ameangalia. Isipopasuka haina shida. Ni Jumamosi moja tu, baada ya hapo natafuta nyingine."

"Isipopasuka," Adyero akasema.

"Nitaiweka mbali na mawe."

"Na misumari ya mashua? Na ndoano za watu?"

"Adyero, kazi hii sitaipata mara ya pili."

"Najua. Mimi sijakukatalia."

Akavua viatu, akaingia kwenye boti, akakaa ubavu wa kulia, mgongo umenyooka, mikono miwili mbele yake kama inashika kitu.

"Haya," akasema. "Wewe uko chini, hunioni. Mimi niko hapa. Niambie, Adyero, uko salama. Sema hayo tu, na Jumamosi nakuja, sitaongeza neno."

Simu ya Afande ikaanza kulia. Aliiangalia, bila shaka alikuwa yule tajiri, akairudisha mfukoni ikiendelea kulia. Akachuchumaa kando ya boti. Alikuwa anaiangalia mikono ya mke wake. Tresor alitaka kusema jambo, nikamshika mkono.

Simu ikanyamaza. Afande akanyoosha mkono, akafungua valvu ya kulia.

Adyero hakusogea. Alikaa vile vile, ubavu ukishuka chini yake, kisha ule mwingine, kisha pua, mpaka mpira wote ukalala na yeye akawa amekaa kwenye sementi.

"Niinue," akasema. "Mguu umekufa ganzi."

Afande akamwinua. Kisha akaenda pembeni, karibu na geti, akapiga simu.

"Boti sijapata, boss," tulimsikia. "Hapana. Jumamosi usinisubiri."

Adyero alikuwa ameegemea bega langu, anatafuta kiatu kwa mguu.