Anayepinga Asimame

Rungu la kwanza lilimpata Watiri begani. La pili lilivunja goti. Aliusikia mfupa ukilia kama kuni kavu kabla hajasikia maumivu. Akaanguka kwenye changarawe ya kambi ya chifu, karatasi ya korti ingali mkononi.

"Umepinga nani?" Chifu Mutahi aliuliza kutoka kivulini.

"Sijapinga mtu, Chifu. Nimeweka pingamizi tu. Hiyo shamba ni ya marehemu bwana yangu. Kahawa tulipanda na yeye."

"Hiyo shamba imetolewa kujenga ofisi ya chama. Kwa hivyo unapinga chama."

"Karani wa korti huko Nyeri alisema sheria inaniruhusu."

"Ati inaruhusu!" Chifu alicheka. "Kingori, onyesha huyu mama vile mpinzani hufanywa."

Askari Kingori alikuwa jirani. Alishakunywa uji jikoni kwa Watiri. Alimpiga bila kumtazama usoni. Buti ya mbavuni, kisha ya mdomoni. Watiri alitema jino, akalitazama kama si lake.

Zahanati ilikataa kumtibu bila barua ya chifu. Shoga yake, Wacera, alilifunga goti kwa vipande viwili vya mbao na kanga iliyochanwa.

Wiki mbili baadaye korti iliipeleka kesi kwa baraza la wazee, mwenyekiti akiwa D.O., afisa wa serikali aliye juu ya machifu, na Chifu Mutahi mkono wake wa kulia. Wacera alimbeba Watiri mgongoni hadi uwanjani, akamlaza nyasini.

D.O. alisoma nambari ya shamba. "Anayepinga asimame."

Watiri aliinua mkono. "Ni mimi, bwana D.O. Niko hapa."

"Nimesema asimame."

Wacera alimshika kwapani amwinue. Kingori alimsukuma Wacera chini kwa ncha ya rungu. Watiri akakita viwiko ardhini, akajisukuma, goti likakataa. Akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena.

"Nasema ni mimi!" alipiga kelele, mate mekundu yakimtoka. "Mnaniona!"

Wazee waliangalia viatu vyao.

"Andika," D.O. alimwambia karani wa baraza. "Hakuna aliyesimama. Hakuna pingamizi."

Karani aliandika. Chifu akaanza kupiga makofi. Mmoja mmoja, wazee waliomzika mume wa Watiri wakamfuata, na makofi yakajaa uwanja mzima, huku mwanamke huyo, mdomo umejaa udongo, angali anajisukuma juu.