Mkono Uliomwagia Meza Chai

Binamu yangu Wanjohi, injinia, aliunda mkono wa roboti wa kumsaidia mtu asiyeweza kuinua birika. Jumamosi angeuonyesha kwenye ukumbi wa jumuiya Walthamstow, mbele ya Bi Nurjehan, mzaliwa wa Mombasa mwenye kampuni ya kutunza wazee. Akiridhika, angeujaribu kwa wateja wake. Asiporidhika, mkono ungerudi stoo. Mimi, mwenye diploma ya tafsiri, nilipewa kazi ya kuueleza kwa Kiswahili.

"Sema tu unaongozwa na matriksi," Wanjohi aliniambia. "Majedwali ya namba. Kila kiungo kina lake. Ukiyazidisha yote, unajua kiganja kiko wapi."

"Nani aliyaanzisha?"

"Watu wa roboti, nadhani. Shiro, watu wanakuja kuona chai."

Hiyo "nadhani" ilinikera. Nikasoma kwenye basi, nikasoma kazini. Kumbe jina matriksi lilitolewa na mwanahisabati Sylvester mwaka 1850, na rafiki yake Cayley akaziandikia hesabu hizo makala mwaka 1858. Cayley alikuwa amefanya kazi miaka mingi hapa hapa Landani, wakili wa hati za ardhi pale Lincoln's Inn, kwenye ofisi za mawakili. Nilishuka kituo cha Holborn nikaenda kupaona. Mawakili walikuwa wanakula sandwichi kwenye nyasi. Nilijiuliza mtu wa hati za ardhi alitaka nini na majedwali ambayo hayakuwa na mkono wowote wa kuongoza. Ilipita karibu karne nzima hadi mainjinia Denavit na Hartenberg, kule Marekani, walipoyatumia mwaka 1955 kueleza viungo vya mashine.

Jambo moja la Cayley lilinikaa kichwani: ukizidisha jedwali la kwanza kwa la pili, kisha la pili kwa la kwanza, majibu yanaweza kutofautiana.

Jumamosi mkono ulinyanyua birika, ukakipita kikombe taratibu, ukamwaga chai kwenye kitambaa cha meza.

"Una adabu," akasema mzee Eddie, mmoja wa waliokuja kutazama. "Umeanza kukaribisha meza."

Ukumbi ukacheka. Wanjohi akaanza kujitetea kwa Kiingereza, lakini maikrofoni ilikuwa kwangu.

"Wanjohi, kwenye majedwali yako, mkono unazunguka kwanza au unasogea kwanza?"

"Shiro, si sasa."

"Ni kama chapati," nikawaambia watu. "Paka mafuta ndipo ukunje, utapata matabaka. Kunja ndipo upake, utatafuna ngozi ya kiatu. Na majedwali ni hivyo hivyo. Wakili wa hapa Landani aliliandika hilo kabla roboti hazijakuwapo."

Wanjohi aliinamia kompyuta yake, akayapitia majedwali.

"Majedwali mawili ya mwisho yamebadilishana nafasi," akasema hatimaye, kwa Kiswahili.

Akayapanga upya. Safari hii chai iliingia kikombeni. Bi Nurjehan akaonja.

"Sukari hakuna," akasema. "Lakini mashine nyingi nimeuziwa, na zikikosea hakuna anayenieleza kwa nini. Hii nimeelezwa, na kwa lugha yangu. Ileteni Jumatatu."

Nje tuliutua mkono wa roboti, na Wanjohi akanivuta kando.

"Umenihoji mbele ya ukumbi mzima, kama mwanafunzi. Ungeninong'oneza."

"Ningenong'ona, Bi Nurjehan angesikia nini?"

"Hata hivyo, niombe radhi."

"Siombi."

"Shiro."

"Nimesema siombi. Shika upande ule, mkono wako ni mzito."