Hawa Waingie

Baridi ya mwaka sitini na tisa ilikuja kavu hapa Maskati, ikatupasua midomo. Homa ya mafua ikapita nyumba hata nyumba, na kwetu ikamshika mjukuu wangu Aliya, hata kutambaa hajaanza. Mamake, mwanangu Mahbuba, akaziba madirisha kwa kanga, akaweka seredani ya makaa chumbani. Ndivyo tulivyolelewa Unguja: mgonjwa hapigwi na upepo.

Wifi yangu Masouda akenda kwa daktari. Karudi anahema.

"Kasema hawa waingie."

"Hawa nani?"

"Sie! Kasema 'l-hawa yidkhul.' Yidkhul si kuingia? Ah, wifi, nimesoma chuo cha Kurani mie!"

Basi jamaa wote tukaingia, bega kwa bega, tukamsomea mtoto Yasini. Wa kwanza kukohoa Thabit, mume wa Mahbuba. Kisha Mahbuba mwenyewe. Kuta zikatoka jasho kwa pumzi zetu. Aliya mbavu zinabonyea kila akivuta, midomo imeanza kuingia kijivu.

Jirani Nasriya, mzaliwa wa hapa aliyeokota Kiswahili kwetu, akaleta uji, akasimama mlangoni kajiziba pua.

"Kuna harusi humu?"

Nikamwambia maneno ya daktari.

"Masouda, msomi we! Hawa kwa Kiarabu ni hewa! Hewa iingie, nyie mtoke!"

Hakuna aliyecheka. Mahbuba akajitupa dirishani. "Mama, baridi itamuua! Wallahi ukifungua, si mamangu tena!"

Nikamtazama mtoto. Pumzi inakatika, inarudi, inakatika. Nikasema bismillahi, nikamsukuma mwanangu, naye mwili unamwaka homa, nikazing'oa kanga. Upepo ukaingia na vumbi lake. Nikawatoa wote, ila Mahbuba hakukubali kutoka, akakaa pembeni anapiga sakafu kwa viganja. Nikamfunika Aliya blanketi mpaka kidevuni, uso nikauelekeza dirishani.

Alasiri ikatukuta hivyo. Sikuthubutu kwenda kutawadha, nisije nikarudi nisimkute. Nikatayamamu kwa vumbi la ukutani, nikasali nimekaa, goti limemgusa ubavu, nijue kama bado unapanda.

Nilipotoa salamu, Mahbuba akauliza kwa sauti iliyokauka, "Yu hai?"

"Yu hai."

Akaanza kujikokota kuja kumshika.

"Usije karibu, mwanangu," nikamwambia. "Kohoa huko huko."