Trakta ya Mzee Shikanga

Mwalimu Phineas Shikanga alistaafu mwezi wa Januari, na kufikia Pasaka alikuwa ameshamchosha mke wake. Jael hakulalamika. Alimtafutia tu safari ndogondogo: nenda uone kama mahindi ya kule chini yameota, nenda uulize kama maji ya mradi yatarudi, nenda umsalimie fulani, nasikia mguu unamsumbua. Katika safari mojawapo, ile ya kuangalia kama kuku anatagia vichakani, Mwalimu alijigonga ugoko kwenye trakta ya baba yake.

Si kwamba alikuwa ameisahau. Hakuna mtu wa Mautuma aliyekuwa amepewa nafasi ya kuisahau. Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu aliwasimulia wanafunzi wa darasa la sita jinsi marehemu baba yake, Mzee Protus, alivyokuwa dereva wa Mzungu aliyeitwa Bwana Kofia. Jinsi Mzungu huyo, alipofunga mizigo mwaka wa sitini na nne na shamba lake likagawiwa watu, alivyomwachia dereva wake trakta. Na jinsi trakta hiyo ilivyolima mahindi ya kwanza ya mtu mweusi katika skimu nzima ya makazi. Wanafunzi waliandika hivyo kwenye mtihani. Aliyeandika vingine alikosa alama mbili.

Trakta yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala, imemezwa na magugu. Ilikuwa ndogo. Hilo ni jambo ambalo masimulizi hayakuwahi kuligusa. Ilimfika Mwalimu kiunoni tu, na mtu mzima akiikalia lazima magoti yangepanda karibu na kidevu. Lakini Mwalimu aliitazama kwa macho ya mwana wa mwenye trakta, akaona kitu kikubwa.

Juma lilelile kamati ya kuadhimisha miaka sitini ya skimu ilikaa kanisani. Mwenyekiti, Mzee Kiplagat, alikuwa akiuliza nani atatoa viti na nani atatoa hema, Mwalimu akasimama na kusema kwamba siku hiyo, mwezi wa Agosti, yeye ataingia uwanjani akiendesha trakta iliyolima shamba la kwanza. Watu walipiga makofi. Kiplagat aliandika kwenye ratiba. Ni baada ya kufika nyumbani ndipo Mwalimu alipofunua boneti kuona kama kuna injini.

Injini ilikuwepo. Vilivyokuwa vimetoweka ni vitu vingine.

Mwalimu alimwita Chepkorir, fundi aliyesomea ufundi wake katika chuo cha Sigalagala kisha akafungua kibanda karibu na soko, ambako alitengeneza mashine za kusaga, pampu za maji na misumeno ya petroli. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyependa kubishana na mtu aliyewahi kumfundisha. Aliizunguka trakta mara mbili.

"Mwalimu, jembe lilikuwa linashikwa wapi?"

"Nyuma."

"Huku nyuma hakuna mahali pa kushikia jembe."

"Pamekatika," Mwalimu alisema.

Chepkorir alipitisha kidole mahali palipodaiwa kukatika, palikuwa laini kama sahani. Akainama, akagonga bati nene lililoning'inia chini ya tumbo la mashine kama sufuria iliyofunikwa. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kuzuia matope."

Fundi alichukua kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti akaandika kilichokosekana: kiti, gurudumu moja la mbele, tangi la petroli, kabureta, koili. Ringi za pistoni zilikuwepo lakini zimeshikana na kutu. "Ukinipatia hivi," alisema, "itanguruma. Itafanya kazi gani, hilo ni lako."

Mwalimu alienda Kakamega mjini. Katika duka la kwanza la spea kijana wa kaunta alimuuliza, "Umekuja na sampo?"

"Sampo ya nini?"

"Ya hiyo kabureta unayotaka. Ile mbovu, tulinganishe."

"Ningekuwa nayo, ningekuja kuitafuta?"

Kijana akamwambia kwa heshima kwamba bila sampo hawezi kumsaidia. Duka la pili lilitaka sampo. La tatu lilitaka sampo au picha ya sampo. Eldoret walikuwa na kabureta za kila aina, na walitaka sampo pia. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na plagi moja mpya, ambayo Chepkorir aliitazama akasema ni nzuri, ni ya pikipiki.

Mtu alimshauri ajaribu Bukura, kwenye chuo cha kilimo, kwa kuwa pale kuna mzee mtunza stoo anayejua mashine za zamani. Mzee huyo hakuwa na spea, lakini alikuwa na kitabu. Alipekua kurasa zilizoliwa na mende mpaka akafika kwenye picha, akageuza kitabu ili Mwalimu aone. Ilikuwa trakta yao, haikosi hata nati. Juu yake alikaa mama wa Kizungu mwenye kofia pana na gauni la maua, anacheka, na pande zote nyasi fupi za kijani zilitandazwa kama zulia.

Mwalimu alisogeza kitabu karibu na macho.

"Anatayarisha shamba," alisema mwishowe.

Mtunza stoo alimwangalia mvi zake, viatu vyake vilivyopigwa rangi kwa ajili ya safari, na kile kipande cha karatasi ya simiti mkononi. "Ndiyo," alisema. "Linaonekana limetayarika."

Njia nzima ya kurudi Mwalimu aliwaza, na alipofika nyumbani alikuwa amepata jibu. Vifaa havikuharibika, viliibwa. Trakta haiwezi kupoteza kiti yenyewe. Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya waumini akasema kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi kwamba waliochukua urithi wa marehemu wanajijua, na kwamba wana siku saba za kurudisha bila kuulizwa maswali. Kisha kengele ikagongwa, watu wakatoka.

Tangazo lilizaa matunda. Kufikia Jumatano, nyuma ya ghala palikuwa na mnyororo wa baiskeli, mpini wa pampu, nusu ya pasi ya makaa, gurudumu la wilbaro na kichwa kizima cha cherehani. Hakuna aliyejua ameiba nini, lakini kila mtu mwenye chuma kisichoeleweka nyumbani aliona afadhali akirudishe. Chepkorir alichukua gurudumu la wilbaro, akalipima, akasema litaingia mbele likitiwa bushi. Kabureta aliitoa kwenye jenereta iliyoungua, akachonga bati la kuiunganisha. Koili ilitoka kwenye pampu ya maji. Ringi alizilowesha kwa dizeli siku tisa. Tangi lilikuwa dumu la lita tano. Mwalimu hakupenda gurudumu la wilbaro. Alitaka lile lenyewe, na Jumapili iliyofuata, akiwa amesimama nje ya kanisa akimsubiri Jael, aliinua macho akaliona. Kengele ya kanisa, iliyoning'inizwa kwa waya na kugongwa kwa nondo tangu azaliwe, ilikuwa ringi ya gurudumu dogo lenye matundu manne. Alikuwa ameisikiliza kila Jumapili ya maisha yake.

Alimwendea Mzee Kiplagat, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kanisa.

"Siwezi kuishusha," Kiplagat alisema. "Imeombewa."

"Ni gurudumu letu."

"Lilikuwa gurudumu. Sasa ni kengele. Na tukiishusha watu watakuja saa ngapi? Hata ikilia wanachelewa."

Siku mbili baadaye Mama Nasambu alimwita. Alikuwa na miaka themanini na mitano, jirani tangu siku mashamba yalipokatwa, na miguu yake haikuwa inafika mbali tena. Mwalimu alimkuta jikoni akipepeta maharagwe.

"Nasikia unatafuta mwizi," Nasambu alisema.

"Natafuta vifaa, mama."

"Kanisani ulisema mwizi."

Mwalimu alikuwa ameona alichokalia yule bibi. Kilifunikwa gunia, kimepigiliwa juu ya gogo, lakini umbo lake la chuma lilijitokeza pembeni, lile la kiti kilichokandwa kufuata makalio ya dereva.

"Mama, hicho kiti."

"Ni cha baba yako. Alinipa mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki uliyozaliwa. Mama yako maziwa yalikataa kutoka. Mimi nilikuwa na ng'ombe wawili, nikawa naleta kikombe asubuhi na jioni, miezi mitatu. Baba yako hakuwa na kitu, na alikuwa mtu wa kujiheshimu. Siku moja akaja na spana na hiki kiti. Akasema, Nasambu, usikae chini tena."

Mwalimu alijikuta ameketi kwenye mfuko wa makaa bila kujali suruali yake.

"Na gurudumu?"

"Alipeleka kanisani siku ulipobatizwa. Kengele hatukuwa nayo. Tangi alimpa mkunga wako, akawa anachotea maji. Ile ingine ya kuingiza petroli alimpa daktari wa kienyeji ulipougua kifua. Sijui aliitumia kwa nini, labda aliivaa." Nasambu alipuliza makapi. "Wewe ndiye uliyeila hiyo mashine, Phineas. Kidogo kidogo."

Nje jogoo aliwika bila sababu. Mwalimu aliuliza swali ambalo tangu Bukura alikuwa akilizunguka.

"Alilima nayo wapi?"

"Kulima?" Nasambu alisimamisha ungo. "Ile ilikuwa ya kukata nyasi. Bwana Kofia alikuwa na kiwanja cha tenisi pale penye shule. Baba yako alikuwa anakatanga nyasi kila Alhamisi, amevaa shati nyeupe. Sisi wasichana tulikuwa tunaendanga kumwangalia. Mzungu alipokuwa anaondoka akamwambia achague, mabati thelathini ama mashine. Akachukua mashine. Petroli yake iliisha wiki moja. Mama yako alinyeshewa ndani ya nyumba mpaka mwaka wa sabini na moja, na hiyo hakumsamehe."

"Lakini kwa nini alisema alilima?"

"Hakusema. Yeye alikuwa anasema tu, nilikuwa na trakta. Hiyo ya kulima tulisikia kutoka kwako."

Mwalimu alikaa na habari hiyo siku mbili. Alikula kidogo, akarekebisha mlango ambao haukuwa mbovu. Siku ya tatu alimweleza Jael, polepole, kama mtu anayempasha mwenzake habari za msiba. Jael aliendelea kuchambua mboga.

"Mama yako aliniambia wiki niliyoolewa," alisema. "Kila mvua ikinyesha alikuwa ananiambia tena."

"Miaka thelathini na tano. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafundisha," Jael alisema.

Siku ya maadhimisho ilifika. Mama Nasambu aliwakopesha kiti kwa siku moja, kwa sharti kwamba gunia lake libaki juu. Chepkorir alivuta kamba mara nne, mashine ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Mwalimu aliingia kiwanja cha shule magoti yakiwa yamepanda, gurudumu moja la trakta na moja la wilbaro mbele, na watu walisimama. Kina mama walipiga vigelegele. Alifika mbele ya hema, akazima, akaomba kipaza sauti. Alikuwa ameamua.

"Ndugu zangu," alisema, "trakta hii haijawahi kulima. Baba yangu alikuwa mkata nyasi. Mimi ndiye niliyewadanganya, na sikujua kwamba nadanganya. Na hakuna aliyeiba kitu. Naomba msamaha."

Kisha Mzee Kiplagat akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake taratibu.

"Mnaona mtu aliyelelewa vizuri," alisema. "Mwana wa shujaa hajisifu."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Mwalimu aliinua mikono kuyazuia, wakadhani anawapungia. Alimtazama Mama Nasambu aliyekaa mstari wa mbele, na yule bibi, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, akasimama kwa shida na kusema kwa sauti, "Ni kweli, ilikuwa ya nyasi." Wanafunzi wake wa zamani waliokuwa karibu, ambao sasa walikuwa na watoto wakubwa, wakamketisha kwa upole, wakaambiana kwamba uzee ni kitu kibaya. Mheshimiwa wa wadi alipopewa nafasi aliahidi mnara wa kumbukumbu.

Chepkorir peke yake ndiye aliyeona uso wa mwalimu wake. Hotuba zilipokwisha alimsogelea, akasema kwamba chini ya lile bati la matope kuna visu viwili, na kwamba amevinoa. Alimwonyesha wenzo wa kuvishusha na kuviinua. Mwalimu aliwasha mashine, akashusha wenzo, akaiendesha pembeni mwa kiwanja ambako nyasi zilikuwa zimefika magotini. Nyuma yake ukabaki mstari ulionyooka, wa kijani kichanga, wenye harufu ya mvua. Alifika mwisho, akageuka, akakata mwingine kando yake. Alipokata wa tatu, watu walikuwa wameacha sahani zao wakaja kutazama. Yeye hakuwaona. Alikuwa anajaribu kuunyoosha wa nne.

Tangu hapo mkuu wa shule humwita, kanisa humwita, na zahanati humwita wageni wakubwa wanapotarajiwa. Nyasi huzibeba kwa gunia, na ng'ombe wa Jael wamenawiri. Akikata, Mwalimu huvaa shati jeupe, na akiulizwa kwa nini husema ni la zamani tu. Mnara nao ulijengwa, kinyume cha matarajio ya wote, katikati ya kiwanja cha kanisa, na juu yake pameandikwa kwa herufi za simiti kwamba hapa panakumbukwa trakta iliyolima shamba la kwanza la skimu. Mwalimu alipeleka barua mbili kupinga maneno hayo. Ya pili ilisomwa kanisani kama mfano wa unyenyekevu. Kwa hivyo sasa, akikata nyasi za kanisa, huuzunguka tu. Hapo hupunguza mwendo na kuinua wenzo kidogo, maana simiti huharibu visu, na visu vya aina hiyo, bila sampo, havipatikani popote.