Kiboksi cha Kukata Mvumo

Fundi wa redio alikuwa na sikio la ajabu na kichwa kigumu, na siku ile dukani alivitumia vyote viwili. Mbele yake, juu ya kaunta ya kioo, kulikuwa na viboksi viwili vya kukata mvumo wa gita la umeme. Alikuja kumchagulia kaka yake kimoja.

Kaka mtu ndiye yule mpiga gita waliyembandika jina la Radi, kwa sababu ya mkono wake. Vyombo vyake vilipangwa kwenye raki ya chuma iliyofika kiunoni, na vikiwashwa tu, spika inavuma mmmmm hata nyuzi hazijaguswa. Miaka nenda miaka rudi Radi alimchokoza mdogo wake: "Wewe unatengeneza redio za mtaa mzima, mbu wa nyumbani kwenu anakushinda?" Sasa Radi alikuwa hospitali wiki ya tano, na alishatamka neno lake. Akirudi atajaribu gita. Likikubali, anarudi kundini kwake kupiga muziki. Likikataa, mtu asimbembeleze.

"Hiki kinalisikiliza gita," muuzaji alieleza, "sauti ikififia, kinaifuata polepole mpaka iishe. Hiki cha pili hakina simile. Unakiwekea kiwango, na sauti yoyote iliyo chini ya hapo, iwe mvumo, iwe gita, kinaifungia mlango. Huyo mtu wako anapiga kwa nguvu?"

Fundi alicheka. "Kaka yangu? Akipiga, mabati yanaitikia!"

"Basi chukua cha pili. Ila kama ni mtu wa taratibu, utakuja kunilaumu."

Nyumbani kwa Radi alikifunga kwenye raki, akapiga nyuzi kwa mkono wake mwenyewe, mkono mzima ulioshiba, huku akizungusha kifundo mpaka mvumo ukakatika. Halafu akaongeza tena kidogo, kwa raha zake tu. Sebule ikawa kimya kabisa. Shemeji yake, mke wa Radi, aliyekuwa akipiga pasi, akageuka.

"Umekatika umeme?"

Jamani, fundi alivimba kichwa siku ile! Alizunguka raki mara tatu kama bwana harusi.

Radi alirudi Alhamisi asubuhi, ameshikwa huku na huku, shati likimning'inia. Hakutaka kitanda. Alitaka kiti chake mbele ya spika.

"Mbu yuko wapi?"

"Nimemfukuza, kaka."

"Hatimaye! Nilidhani nitatangulia mimi." Akacheka, akakohoa, akapakata gita.

Alipiga. Kilichosikika ni mkwaruzo mdogo wa chuma, basi. Akapiga tena, akiuma mdomo. Spika kimya. Mara ya tatu vidole vilikuwa vinatetemeka, na fundi, badala ya kutazama raki, alivitazama vile vidole.

"Hebu jaribu wewe," Radi alisema. "Isije ikawa waya."

Fundi akalichukua gita na kulipiga kama alivyozoea. Sauti ikalipuka, vikombe vikatikisika mezani.

Radi aliutazama mkono wake. "Basi. Vyombo vizima. Mkono ndio umekufa."

Hakubembelezwa. Alikuwa amekataza, nao walimheshimu, wapumbavu wa watu. Toka siku ile aligeukia ukuta, chakula akawa anakisukuma, na kundi walipokuja kumwona alijifanya amelala. Haukupita mwezi wakamzika.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, fundi alikwenda kumjulia hali shemeji yake. Alimkuta anafuta vumbi kwenye raki.

"Niwashie kidogo, shemeji. Nyumba imekuwa kimya mno."

Akamwashia. Mama wa watu akalipakata gita, hajui hili wala lile, akagusa uzi kwa kidole gumba, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Pakatoka mkwaruzo wa chuma, basi.

"Loo!" akasema, akijilazimisha kutabasamu. "Kumbe na mimi mkono umekufa."

 Fundi aligeukia raki. Kwenye kiboksi chake taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka, ile inayowaka mlango ukifungwa.

"Gusa tena," alisema.

Akagusa. Taa haikuzimika. Fundi akapiga magoti, akakirudisha kifundo nyuma, na mvumo ukarudi, mmmmm, ule ule.

"Gusa tena, shemeji. Hivyo hivyo, taratibu."

Sauti ikatoka nyororo, ndefu, ikajaa sebule.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, tusimsingizie wema. Lakini shemeji yake alikuwa anamtazama, na machozi yalishamtoka.

"Siku ile gita lilikuwa linalia, shemeji. Hiki kiboksi ndicho kilichomfungia. Nilikipima kwa mkono wangu mimi, sikufikiria mkono wa mgonjwa."

 Mwanamke alikitazama kile kiti cha mumewe.

"Kwa hiyo alikuwa anapiga."

"Alikuwa anapiga."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu, shemeji. Na mimi nimekaa hapa hapa."

Fundi alinyoosha mkono azime vyombo. Shemeji yake akaushika.

"Acha," alisema. "Acha uvume."