Kukimbia kwa Mwendo wa Fahali

Mambo yangu yaliharibika Jumamosi, tarehe nane Februari mwaka jana, asubuhi mapema, kabla wenye vibanda vya chai hawajawasha moto pale Khayega. Ndiyo siku niliyoanza kukimbia.

Kwetu huku mtu mzima hakimbii ovyo. Kijana akikimbia, anaenda mpira au amefukuzwa na mbwa. Watu wakikimbia kwa kundi siku ya Jumamosi, wanasindikiza fahali kwenda kupigana. Lakini mzee wa rika langu, peke yake, alfajiri, macho yamemtoka, huyo anabeba habari ya kifo. Hilo nililijua tangu utotoni, na siku hiyo likanitoka kichwani kabisa. Nesi wa dispensari alikuwa amenipima presha, akatikisa kichwa. "Mzee Shitanda, hii ndiyo ilimchukua mama Mitchel. Anza mazoezi. Tembea, na ukiweza kimbia." Serikali yetu ni hivyo. Dawa hawana, basi wanakuambia ukimbie.

Nikavaa raba ambazo binti yangu Mitchel alinitumia kutoka Eldoret, nikatoka mbio zote, vile nilivyokimbia nikiwa darasa la nne, mwaka ambao nilitolewa shule. Nilipofika njia panda, kwa Awinja muuza ndizi, kifua kilikuwa kinawaka moto.

Awinja aliniona, akaweka mkungu chini. "Baba Mitchel! Ni nani?"

Nikataka kusema hakuna. Pumzi ikakataa. Nikainua mkono, nikautikisa tu.

"Ni nani amekufa? Sema!"

Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mbuzi. Hapo Awinja akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. "Uuuwi! Mayi wee! Hata huyo binti mmoja aliyebaki?"

Nduru ya kilio kwetu haikai mahali pamoja. Mama wa mboga akaipokea, wa kule mtoni naye akaipokea, ikapanda kilima ikibadilisha marehemu njiani, ikaniacha nimeinama nimeshika magoti. Nilipopata nguvu nikarudi nyumbani kwa miguu, nikakuta boma limejaa. Kuni zimeletwa. Sufuria kubwa ya kanisa iko jikoni. Jirani yangu Shikanga alikuwa amepanda juu ya meza anafunga turubai. Na mtu fulani, mpaka leo hasemi ni nani, alikuwa amempigia Mitchel simu kwamba marehemu ni mimi. Naye akanipigia.

"Baba? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una hakika?"

"Mitchel, wacha kulia. Sijafa. Nilikuwa nafanya mazoezi."

Watu hawakuondoka. Chai ilikuwa imeshapikwa, wakainywa wakinicheka mpaka machozi yakawatoka, yale yale waliyokuja nayo. Kutoka siku hiyo vijana wa boda boda wakanipa jina. Nikipita wanasimama wima, wanavua helmeti. "Marehemu! Umeamkaje huko?"

Ningeziweka raba chini ya kitanda zioze. Kilichonizuia ni tangazo. Wiki ile ile gari la vipaza sauti lilipita likisema mheshimiwa wetu ameandaa mbio za afya, mwisho wa mwezi wa tano, kutoka Shinyalu mpaka uwanja wa Khayega. Kila atakayemaliza kwa miguu yake atapewa mkono na mheshimiwa mwenyewe.

Mkono wake sikuutaka. Nilitaka masikio yake.

Mke wangu Rachael alianguka shambani mchana kweupe, jembe mkononi. Nikapiga simu, maana mheshimiwa alikuwa ametuletea ambulansi na kuikatia utepe, tukacheza. Kwanza wakasema iko njiani. Kisha wakasema haina mafuta. Kisha simu ikawa haishikwi. Tukambeba kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia, na hakufika barabara ya lami. Baada ya mazishi watu wakaniambia siku ile ambulansi ilionekana mahali fulani, milango wazi, inashusha vitu. Wengine wanasema viti vya mkutano. Wengine wanasema saruji ya mtu. Nilienda ofisini kwa mheshimiwa mara nyingi. Yuko Nairobi. Yuko kikaoni. Ametoka sasa hivi, mzee, mmepishana pale mlangoni. Kwenye mazishi anakuja wa mwisho na kuondoka kabla maharagwe hayajaiva.

Kwa hivyo nikajua nina kazi mbili. Nifike Khayega kabla hajaondoka. Na nifike nikiwa na pumzi ya kusema. Nikifika na ile sauti ya mbuzi, atanipigapiga begani, apigwe picha, aende zake.

Kazi hiyo nilifundishwa na ng'ombe.

Shikanga ana fahali, jina lake Komando, mweusi, nundu kama mlima. Kila alfajiri humtoa barabarani kumkaza miguu. Nilikuwa nimejaribu mbio zangu tena, nikaishia mtaroni nikitapika uji, naye akanikuta hapo.

"Wewe Shitanda unakimbia kama mwizi," akasema. "Njoo nyuma yetu. Lakini usipite mbele, atadhani unataka vita."

Nikaingia nyuma ya mkia. Komando hana haraka na mtu. Anaenda kwa mwendo mdogo, kwato zinagusa chini tu, pumzi inaingia kwa pua na kutoka kwa pua. Akitaka kunusa nyasi anasimama, na wewe unasimama. Tena Shikanga ni mtu wa mdomo. Barabara nzima anauliza hili na lile, mahindi yako yameota, Mitchel ataolewa lini, huyu chifu mpya unamuonaje. Nami lazima nimjibu. Mwanzo nilimjibu neno moja moja. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, nilikuwa naitukana serikali kutoka kwa lango langu mpaka mtoni bila kumeza mate.

Si kwamba ilikuwa rahisi. Goti lilivimba likawa kama nduma. Ukucha wa kidole kikubwa uligeuka mweusi, ukang'oka. Ukikimbia nyuma ya ng'ombe kwenye giza, nisiseme unachokanyaga. Siku moja niliteleza kwenye matope nikaserereka kilima chote mpaka chini, nikasimama mbele ya watoto wa shule, na wote wakanisalimu kwa heshima. Nikakaa nyumbani siku tatu nimenuna. Siku ya nne Komando alipita, nikasikia zile kwato, miguu yangu ikaanza kutikisika yenyewe chini ya meza.

Tena nitasema ukweli, niliipenda. Tangu Rachael aondoke chakula kilikuwa kinapita tu kooni. Sasa nikirudi, obusuma, ugali wetu, na kunde vilikuwa na ladha tena. Usingizi ukaja. Suruali ikalegea nikaifunga kamba. Kuna saa ya asubuhi ukungu ukitoka upande wa msitu, ndege wakubwa wakipita juu wakipiga kelele, na mwili unaenda bila kuulizwa. Saa hiyo hata serikali nilikuwa naisahau.

Awinja naye hakuniacha. "Baba Mitchel, leo hakuna aliyekufa?"

"Bado!"

"Basi chukua ndizi, usije ukawa wewe."

Ndiye niliyemweleza ninachokwenda kumuuliza mheshimiwa. Hakucheka. Alisema tu, "Huyo mtu hangoji. Ukichelewa kidogo utakuta vumbi."

Siku ilifika. Tulipewa fulana, uso wa mheshimiwa umechorwa kifuani, mkubwa kuliko wake mwenyewe. Filimbi ikalia pale Shinyalu na vijana wakafyatuka, vile nilivyofyatuka mimi Februari. Mimi nikatoka na mwendo wa Komando. Nilikuwa wa mwisho kabisa, nyuma yangu kulikuwa na polisi mmoja kwa pikipiki akipiga miayo. Sikujali. Tulipofika mtoni nikaanza kuwaokota, mmoja ameshika mbavu, mwingine amekaa juu ya jiwe amevua kiatu. Nikawapita nikiwasalimu. "Mulembe, vijana."

Halafu nikasikia ngoma. Isukuti, kutoka uwanjani, mbali lakini wazi. Moyo ukatulia. Ngoma ikilia, mheshimiwa yupo, anacheza. Nikaweka hatua zangu juu ya ngoma na kuendelea.

Nilikuwa kwenye kile kilima cha mwisho ngoma iliponyamaza.

Kijana wa boda boda akaja kutoka juu, akageuza pikipiki kando yangu. "Marehemu! Gari yake imeshawashwa! Panda nikurushe hapo!"

"Sipandi. Aliahidi wa miguu."

"Basi kaza, mzee! Kaza!"

Hapo ndipo nilipopimwa. Nikikaza, nafika bila sauti. Nisipokaza, nafika nikute vumbi la Awinja. Miguu ilitaka kuruka, nikaikatalia. Nikavuta pumzi kwa pua, nikaitoa kwa pua, kwato, kwato, mpaka nikafika juu ya kilima. Nikaliona gari, refu, jeupe, vioo vyeusi, limetoka uwanjani linakaribia njia panda kugeukia Kakamega. Sikuwa na namna ya kulifikia.

Awinja alikuwa kwenye ndizi zake. Akatazama gari. Akanitazama mimi, nashuka na uso wa mheshimiwa kifuani. Akaweka mkungu chini, taratibu, akapandisha mikono kichwani.

"Uuuwi! Mayi wee! Mayi wee!"

Mama wa mboga akaipokea nduru bila kuuliza. Wa mtoni akaipokea. Wanawake wakamwagika barabarani, na gari likasimama, maana hakuna mwanasiasa wa huku anayeweza kupita penye kilio na uchaguzi uko karibu. Mlango ukafunguka. Alikuwa tayari na ule uso wake wa matanga.

"Poleni sana, akina mama. Poleni. Ni nani ametuacha?"

"Muulize huyo anayekuja," Awinja akasema. "Yeye ndiye ana habari."

Nikafika. Nikasimama mbele yake. Jasho lilikuwa linadondoka lakini kifua kilikuwa kimetulia, pumzi ilikuwa yangu yote.

"Mzee, ni nani?" akauliza.

"Ni Rachael. Mke wangu."

"Pole sana, mzee wangu. Lini?"

"Mwaka juzi. Mchana. Nilipiga simu mara sita."

Kilio kikakatika. Nikamuuliza swali langu lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama kupumua, na hata polisi wa pikipiki, aliyevutwa na kilio, alizima injini ili asikie. Mheshimiwa akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akamtazama dereva. Dereva akatazama tairi.

"Mzee," mheshimiwa akasema, "hongera kwa mazoezi. Hilo jambo tutalifuatilia." Akaushika mkono wangu, akautikisa, akaingia ndani.

Nilimaliza mbio zangu. Uwanjani walikuwa wanakunja hema, lakini Shikanga alikuwa hapo, na nilipovuka ule mstari wa chokaa akanipulizia filimbi anayompulizia Komando akishinda. Nikala ndizi nne za Awinja nimekaa kwenye nyasi, miguu imenyooka, na nikiwaambia nilikuwa na huzuni nitakuwa nadanganya.

Bado nakimbianga. Siku hizi tunafika mbali, na Awinja ameanza kuuliza bei ya raba. Jumatatu napita njia ya ofisi ya mheshimiwa. Mlinzi ananijua, ananifungulia kidirisha cha lango nikiwa bado mbali. Sisimami. Namsalimu, naye ananisalimu, halafu nauliza kwa sauti ya kufika mpaka ndani, pumzi ikiwa imebaki: siku ile ya Rachael, ambulansi yetu ilikuwa wapi?